Mkono wa Nne wa Bibi Sita

1

Asubuhi, kabla hatujamwasha Bibi Sita, tunamwamkia. Mgeni akitukuta hudhani tumerukwa na akili: mwanamke mzima wa miaka arobaini na tatu, miwani ya kazi usoni, anagonga bati la mashine mara sita na kutaja majina ya watu. Acheni wadhani. Mashine nyingine zote za kiwanda chetu hapa Kihonda zinawashwa kwa kitufe na hakuna anayezijulia hali, nazo hazijawahi kutengeneza kitu kinachoingia kifuani mwa binadamu.

Nitawaeleza Bibi Sita alivyo, maana bila hivyo hamtaelewa nilivyomkosea.

Mashine ya kawaida ya kukereza ina spindeli moja, yaani mhimili unaokamata fito ya chuma na kuizungusha mbele ya kisu. Inaparura, inasimama, inabadili kisu. Inatoboa, inasimama, inabadili tena. Kazi inakwenda, lakini inakwenda kwa hatua za mtu anayetafuta funguo mifukoni. Bibi Sita ana spindeli sita, zimepangwa duara ndani ya ngoma moja nene ya chuma. Kila spindeli imekamata fito yake ya titani, na mbele ya kila fito kuna kisu kinachofanya kazi moja tu. Zote sita hukatwa kwa wakati mmoja: hapa inaparurwa, pale inatobolewa, kule inachongwa hesi, yale meno ya kuzunguka, na mwisho inakatwa. Kisha ngoma nzima inageuka sehemu moja ya sita, trak! Kila fito inahamia kwenye kisu kinachofuata, na skrubu moja iliyokamilika inadondoka kwenye trei. Sekunde nne, skrubu. Sekunde nne nyingine, skrubu. Mafuta ya kupozea yanatiririka, chenga za titani zinameremeta, na mimi, baada ya miaka kumi na moja mbele yake, bado huwa nasahau chai yangu mpaka inapoa.

Hayo babu zetu wangeyaelewa. Mashine za ngoma zilikuwapo tangu enzi zao. Ambacho wasingekielewa ni mikono.

Ndani ya kila spindeli ya Bibi Sita kuna mkono wa fundi. Fundi aliyebobea, akikaribia kustaafu, huvalishwa glavu yenye vihisio kwa miaka miwili ya kazi. Glavu inajifunza kila kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukueleza kwa mdomo: anavyolegeza kisu chuma kikiwa kigumu kuliko jana, anavyosikia mtetemo kabla haujawa mtetemo. Hayo yote yanaingizwa kwenye spindeli. Mkono haufikiri, hauongei, haukumbuki watoto wake wanaitwa nani. Unahisi chuma, basi, na kuchezesha kisu kwa kiasi ambacho jicho halioni. Na kwa kuwa spindeli huzunguka na fito yake vituo vyote sita, kila skrubu ni ya mkono mmoja toka mwanzo mpaka inapokatwa. Mkono ukihisi jambo usilolipenda, unaweza kufanya kitu kimoja: kuwasha taa ya manjano ya spindeli yake. Tunaiita shaka. Hapo fundi aliye hai ndiye anayeamua, kusimamisha au kuendelea.

Spindeli ya sita ina mkono wa Bi Zahara, Mungu amrehemu. Ya nne ina mkono wa Mwalimu Kobelo.

Mwalimu Kobelo yu hai. Ndiye aliyenipokea nikiwa sijui hata kushika maikromita, na ndiye aliyenipigia debe nikabidhiwe Bibi Sita alipostaafu. Miaka mitatu sasa maradhi ya kusahau yamemchukua kidogo kidogo. Kila siku saa nane mchana binti yake, Tunu, humleta na kumketisha kwenye benchi nyuma ya mstari wa manjano. Hanijui. Siku nyingine ananiita Zahara, siku nyingine ananiamkia shikamoo kana kwamba mimi ni shangazi yake, nami naitikia marahaba huku moyo unanichoma. Lakini mashine ikiwa inafanya kazi, kichwa chake hutikisika pamoja na ngoma, na uso wake unakuwa ule wa zamani.

2

Alhamisi saa nne asubuhi ilipigwa simu kutoka hospitali ya moyo.

"Naongea na Fundi Somoe?" Sauti ya daktari wa upasuaji, imebana. "Skrubu yenu imekatika mkononi mwangu."

"Imekatikia wapi?"

"Shingoni, chini ya kichwa."

"Mgonjwa?"

"Hajambo. Ilikuwa bado haijaingia mahali pake. Nimefunga nyingine ya kasha la zamani."

Skrubu zetu hufunga pampu ya moyo kwenye mfupa wa kidari, nne kwa kila mgonjwa. Sikuuliza zaidi. Nilimsomea namba za makasha yote ya wiki mbili zilizopita asiyaguse tena, nikapiga kitufe chekundu. Bibi Sita alisimama. Ukimya wa karakana ile mchana kweupe ulinitia baridi.

Nilichukua trei iliyokuwa inajazwa. Trei yetu hupanga skrubu kwa mfuatano wa kudondoka, ya kwanza mpaka ya sitini. Nilizikata moja moja na kuziweka chini ya darubini. Ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu safi. Ya nne ilikuwa na ufa mwembamba shingoni, umezunguka kama uzi. Ya tano safi, ya sita safi. Sikuwa na haja ya kuendelea, lakini niliendelea: ya kumi ina ufa, ya kumi na sita, ya ishirini na mbili. Kila moja ya Mwalimu Kobelo.

Nikafungua spindeli yake. Beringi ilikuwa imekwisha. Gololi mbili zimeliwa upande, njia yake imechimbika. Beringi ya namna ile ingepaswa kuyumbisha fito mpaka mtu aliyesimama mlangoni aone kwa macho. Nikazipima upya zile skrubu mbovu: zilikuwa zimekosea mikroni tatu tu, elfu tatu ya milimita. Mikroni tatu! Nilikaa chini sakafuni, kwenye mafuta. Rekodi ilionyesha beringi ilianza kufa siku kumi na tano nyuma. Kwa siku tisa za mwanzo skrubu za spindeli ya nne zilikuwa safi kabisa, kwa sababu kila mzunguko ule mkono ulikuwa unarudisha kisu nyuma pale fito inapojitokeza na kukisogeza mbele pale inapokimbia, mara elfu nne kwa dakika, mchana kutwa. Hakuna fundi duniani aliyefundishwa hivyo. Mkono uliyabuni hayo kutokana na alivyokuwa Mwalimu. Siku ya kumi chuma kikaushinda, ukaanza kupasua shingo.

Nilifurahi, mnisamehe. Kwa dakika nzima nilikuwa nafurahi kwa uzuri wa kile nilichokiona. Ndipo nikafungua ukurasa wa shaka.

Spindeli ya nne iliwasha taa ya manjano mara mia mbili na kumi na mbili. Mara mia mbili na kumi na mbili mkono uliomba kusimama, na kila mara jibu lilikuwa "Endelea." Na kila "Endelea" ilikuwa na alama ya dole gumba langu.

Mtauliza kwa nini. Nilikuwa na sababu mbili, na zote mbili zinanifedhehesha.

Ya kwanza, kipimo kilisema skrubu ni nzima. Kuipima skrubu moja kwa ukamilifu, pamoja na kuimulika ndani, huchukua dakika tatu na nusu, kwa hiyo hatuwezi kuzipima zote. Mashine huchagua moja baada ya idadi fulani. Nilipokabidhiwa Bibi Sita nilikuta Mwalimu ameweka kila ya sitini na moja. Sitini na moja! Idadi gani hiyo? Wakati huo alikuwa ameanza kusahau. Alikuja kuniaga amevaa kandambili mguu mmoja na kiatu mguu mwingine. Nikadhani na namba hii ni usahaulifu huo huo. Kasha letu lina skrubu sitini. Nikaweka sitini, sikumwambia mtu, nikajiona nimemsitiri mzee wangu.

Sitini unaigawa kwa sita bila kubaki kitu. Hesabu ya darasa la tatu. Ukichukua kila ya sitini kutoka kwenye mashine ya spindeli sita, utapima spindeli ile ile mpaka siku ya kiama. Nilikuwa nampima Bi Zahara. Kwa miaka mitatu nilimpima Bi Zahara peke yake, na Bi Zahara hakosei. Ukichukua kila ya sitini na moja, kila mara unahamia kwenye spindeli inayofuata, na baada ya sampuli sita umewapitia wote. Mtu wa mashine ya spindeli moja hawezi kufanya kosa hili hata akitaka; kwake namba yoyote ni sawa. Ni kosa la watu wa mashine kama yangu, na mimi ndiye niliyelifanya.

Sababu ya pili ni mbaya zaidi. Taa ile ya nne ilipowaka, na kuwaka, na kuwaka, ningeweza kuinama nikachukua skrubu yake moja nikaipima kwa mkono. Sikufanya. Nilisema, hata kwa sauti nilisema: "Mwalimu, na mkono nao umeanza kuzeeka?" Kisha nikabonyeza.

3

Watu kumi na saba walikuwa tayari wana skrubu za siku zile sita mbovu. Mchana ule ule hospitali iliwaita warudi, wafunguliwe kidari upya. Hilo halikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa juu ya fomu.

Meneja wetu anaitwa Mndeme, naye si mtu mbaya, msije mkamchukia. Aliufunga mlango wa ofisi yake mwenyewe na kunivutia kiti.

"Keti, dada Somoe."

"Nimechafuka mafuta."

"Keti hivyo hivyo." Akasukuma karatasi mbele yangu. "Mkaguzi wa Mamlaka ya Mikono anafika kesho. Hapa anataka kitu kimoja: chanzo. Mkono au fundi."

Sheria naijua kama jina langu. Mkono ukiandikwa chanzo, unafutwa, nakala zote, pamoja na kumbukumbu za kazi yake. Fundi akiandikwa chanzo, anarudisha muhuri wake na hagusi tena mashine ya tiba maisha yake yote.

"Andika mkono," Mndeme akasema.

"Mkono uliomba kusimama mara mia mbili na kumi na mbili, bwana."

"Najua. Nimesoma. Na ukiandika mkono, ukurasa huo unafutwa nao."

"Ndiyo maana unaniambia niandike?"

"Nakuambia kwa sababu kuna watu thelathini na wanne wanasubiri pampu, na makasha ya zamani yatawatosha wale kumi na saba tu." Aliongea polepole, bila hasira. "Fundi mwingine mwenye muhuri wa spindeli sita aliye karibu yuko Mwanza. Mpaka aje, mpaka amzoee Bibi Sita, ni mwezi. Wewe ukibaki, unaweka beringi mpya, unaziba ile nafasi ya nne, Jumatatu skrubu zinatoka. Niambie nani katika hao thelathini na wanne anao mwezi wa kungoja."

Alikuwa amesema kweli.

"Na mzee wetu," akaendelea, "Mungu anisamehe, hajui leo ni siku gani. Ule mkono hauna roho. Hautaumia. Yeye hatajua. Niambie, Somoe, utakuwa umemkosea nani?"

Nikaichukua ile fomu nikatoka nayo.

4

Saa nane Tunu akamleta baba yake kama kawaida. Nilikuwa nimesahau kumwambia asije.

Mwalimu Kobelo aliketi, akangoja. Akamtazama Bibi Sita aliyenyamaza, akanitazama mimi, akaanza kusuguasugua magoti.

"Mbona kimya?" akasema. "Wameenda wapi wenzangu?"

"Baba, mashine inatengenezwa," Tunu akamwambia.

"Wameenda wapi?"

Akainuka. Kabla hatujamshika alikuwa ameshauvuka mstari wa manjano, mzee wa miaka sabini na sita mwenye goti bovu, akaenda moja kwa moja kwenye ngoma. Hakugusa ya kwanza wala ya pili. Akaingiza vidole kwenye tundu la spindeli ya nne niliyoiacha wazi, mahali beringi ilipokuwa, akapapasa taratibu.

"Hapa pameliwa," akasema. "Mtu alikuwa anapaza sauti hapa. Hamkumsikia?"

"Nilimsikia, Mwalimu," nikasema.

"Basi ulifanya nini?"

Tunu alidhani baba yake anaweweseka, akaomba radhi, akamfuta mafuta vidoleni kwa khanga yake. Mzee mwenyewe alikuwa ameshasahau swali. Lakini mimi nililibeba. Nilikwenda nyuma ya rafu za fito nikalia kama mtoto, kisha nikanawa uso.

Ni kweli mkono hauna roho. Ni kweli hatajua. Lakini mimi nilimdharau mtu huyu mara mbili: mara ya kwanza alipokuwa na akili zake kuliko mimi, nikaiona busara yake kuwa ni ugonjwa, na mara ya pili mkono wake ulipoomba mara mia mbili na kumi na mbili. Sasa nimdharau mara ya tatu, nimfute, kwa kuwa hana mdomo wa kujitetea? Na kesho fundi atakayekuja ataambiwa nini? Kwamba mikono ikizeeka inakosea, kwa hiyo taa ya manjano isimsumbue? Hao thelathini na wanne wangefungwa pampu zao kwa skrubu zangu, na mimi ni yule yule aliyebonyeza.

5

Mkaguzi alikuwa Bi Kokushubira, mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe, asiyepoteza neno. Aliisoma fomu akiwa amesimama. Kwenye chanzo nilikuwa nimeandika: Fundi. Chini yake nilieleza sitini na sitini na moja kwa mistari minne.

"Unajua hakuna rufaa?"

"Najua."

"Meneja wako alikushauri vingine?"

"Alinikumbusha wagonjwa wanaosubiri. Nami nina ombi juu ya hao." Nilikuwa nimelifikiria tangu asubuhi. "Sheria inanikataza kugusa. Haijanikataza kusema. Niruhusu nikae nyuma ya mstari wa manjano nimwelekeze fundi wa Mwanza. Bibi Sita ana mambo yake mengi ambayo hayamo kwenye kitabu. Mwezi utakuwa siku kumi."

Aliiokota ile beringi mezani, akaizungusha kwa kidole, ikakwaruza. Akasoma tena rekodi ya siku tisa.

"Skrubu safi," akasema. "Juu ya hii?"

"Siku tisa."

"Nimekagua mikono mia tatu na kitu nchi hii." Akaiweka beringi chini kwa uangalifu mkubwa. "Sijawahi kuona. Huyu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mpole. Mbishi. Hakupenda namba zinazogawanyika vizuri."

Alitabasamu kidogo, akaandika ruhusa yangu, kisha akanyoosha kiganja. Nilivua muhuri shingoni. Ni kipande kidogo tu cha chuma chenye herufi zangu mbili, lakini shingo yangu ilibaki nyepesi mpaka nikaishika.

6

Ilichukua siku kumi na moja. Fundi Lushinge wa Mwanza ana mikono mikubwa na masikio mazuri, na hana kiburi. Nikisema "legeza robo," analegeza robo. Mara tatu nilijisahau nikanyanyua mguu kuuvuka mstari, na mara tatu yeye mwenyewe alinionyesha kidole huku akicheka. Wale kumi na saba walifunguliwa na kufungwa tena, wote wakatoka hospitali, ingawa mama mmoja wa Kilosa alikaa huko wiki tano kwa sababu ya kosa langu. Nilikwenda kumwambia mimi ni nani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukutani. Katika wale thelathini na wanne, mmoja hakuziona hizo siku kumi na moja zikiisha. Jina lake ninalo, na sitalitaja hapa.

Siku ya kumi na moja, saa nane na nusu mchana, Lushinge alimwasha Bibi Sita. Niliketi kwenye benchi pamoja na Mwalimu Kobelo. Ngoma ikageuka, trak, mafuta yakamwagika, skrubu ya kwanza ikadondoka, ya pili, ya tatu. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Ilipopita ya nne, aliinua uso. Akangoja tano nyingine zipite, akainua tena.

"Unamsikia huyo?" akaniuliza. "Huyo wa nne?"

"Namsikia."

"Anakata bila haraka. Sikiliza anavyoingia kwenye hesi. Ah!" Alicheka peke yake kwa raha. "Huyo mtu anaijua kazi. Ni nani?"

"Anaitwa Kobelo."

Akatikisa kichwa.

"Simjui." Kisha akanikamata mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. "Lakini mwambie mkubwa wenu, huyo asije mtu akamwondoa."

"Hataondolewa."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa, Mwalimu," nikasema. "Nimetia saini mwenyewe."